Baraza ya Katekista: Swali la Mkatekumeni



Mwezi uliopita niliahidi kwamba katika baraza hii tutaendelea na habari ya sala ya jioni nyumbani. Niwieni radhi, habari hiyo itangoja. Limenijia jambo jingine, na kila nishikapo kalamu ndilo linalotangulia.

Katika kigango kimoja cha upande wa Butiama nilikuwa nikiwafundisha wakatekumeni habari ya ndoa. Nikasema, kama nilivyofundishwa na kama ninavyoamini, ya kuwa ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, na ya kuwa desturi ile tuiitayo nyumba ntobhu haipatani nayo. Kijana mmoja, umri wake yapata miaka kumi na saba, akasimama. Ni mtaratibu, si mtu wa kushindana na wakubwa. Akasema, “Mwalimu, mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu. Kama bibi yangu asingalifanya hilo unalolikataza, mimi nisingalikuwako. Je, ungalitaka nisizaliwe?”

Darasa likanyamaza, nami nikanyamaza. Kisha nikasema neno la kukwepa, kwamba tutalitazama siku nyingine, nikafunga kwa sala. Naona haya kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kwa ajili ya wasomaji walio mbali na Mara, nieleze kwanza desturi yenyewe. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, ama hakuzaa kabisa ama amezaa mabinti watupu, hutoa ng'ombe wa mahari akamwoa mwanamke mwingine. Hawaishi kama mume na mke. Wanaishi kama mama mkwe na mkaza mwana, na kwa Wakurya mkaza mwana huyo huhesabiwa kuwa ni mke wa mwana ambaye bibi yule hakumzaa. Litazameni neno hili vizuri: mtu ambaye hakuwako wala hatakuwako amepewa mke na nyumba. Kisha hutafutwa mwanamume wa kuzaa na mke huyo, na watoto wapatikanao ni wa nyumba ya bibi. Huitwa kwa jina la nyumba hiyo, hulilima shamba lake, na siku yake ikifika humzika. Mwanamume yule hana dai juu yao, na mara nyingi hatajwi. Desturi hii hujulikana zaidi Tarime na Serengeti, lakini hata huku kwetu Butiama na Bunda si ngeni.

Isidhaniwe kwamba wazee waliibuni kwa upotovu. Mjane asiye na mwana wa kiume alikuwa hana mtu wa kulisimamia shamba, na mumewe alipofariki ndugu wa marehemu waliweza kumwondoa kama mgeni aliyezidisha siku. Nyumba ntobhu ilimpa mahali pa kusimama. Jirani zetu wa Kenya, kama Wanandi na Wakamba, wanayo desturi ya namna hiyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilimkubali mwanamke aliyeolewa na mwanamke kwa desturi ya Wanandi, yeye na watoto wake, kuwa warithi wa marehemu. Kwetu Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, basi mkaza mwana hana ndoa mbele ya serikali. Wako waliopelekwa katika nyumba hizo wangali wasichana wadogo, kwa kuwa baba zao walihitaji ng'ombe. Wako pia, nisiwafiche, wanawake wazima wasemao kwamba huko wamepata raha kuliko kwa mume apigaye.

Narudi kwa kijana. Nilipokuwa njiani kwenda nyumbani nilijaribu majibu mawili, yote mawili yakavunjika mkononi. La kwanza lilikuwa hili: tendo lilikuwa baya, lakini wewe u mwema. Ni kweli, walakini halijibu, maana yeye ameniuliza kama naweza kulitamani tendo lisiwe bila kumtamani yeye asiwe. La pili: Mungu angaliweza kukuleta kwa njia nyingine, katika ndoa takatifu. Hapo nikajikamata mwenyewe. Baba mwingine na mama mwingine wangalizaa mtoto mwingine. Mtoto huyo angalikuwa yeye, pengine mwema sana, lakini huyu aliyesimama mbele yangu na daftari lake asingalikuwa popote.

Ndipo nikamkumbuka mtu wa kijiji kile kile. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Mtemi Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na mama yake Mwalimu alikuwa mke wa tano. Mwaka 1943 akabatizwa katika misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, katika Kanisa ambalo halikubali mke wa pili, sembuse wa tano. Kama Mtemi Burito angaliishi kwa sheria hiyo, Mwalimu asingalizaliwa. Lakini Kanisa hilo hilo leo linamwita Mtumishi wa Mungu, nasi tunaliombea jambo lake liendelee mbele. Sijasikia mtu wa Mara, Padre wala mlei, akisema heri Burito angalioa mmoja tu. Wala sijasikia Padre akisema kwamba, kwa kuwa alizaliwa Mwalimu, basi na sisi tuoe watano.

Haya yamo hata katika Maandiko. Somo la kwanza la Injili ya Mateo, ambalo wasomaji wetu kanisani huliogopa kwa wingi wa majina, linamtaja Tamari, aliyezaa kwa kumdanganya baba mkwe wake, na yule aliyekuwa mke wa Uria, na Ruthi. Ruthi ndiye aliye karibu nasi kuliko wote. Alimzaa Obedi kwa Boazi ili jina la marehemu lisipotee katika urithi wake, na wanawake wa Betlehemu wakasema kwamba Naomi ndiye aliyepata mwana. Naomi, mkongwe, mjane, aliyezikwa wanawe wawili! Msomeeni mama yeyote wa Kikurya habari hiyo, ataielewa upesi kuliko mwalimu wa seminari. Bwana wetu ni mzao wa Obedi. Watu hao wote wamo katika ukoo wake, na hakuna aliyefutwa.

Nikaenda nyumbani kwa kijana siku ya Jumamosi. Nilimkuta akitengeneza banda la mbuzi, na bibi yake akipepeta ulezi uani. Nikamwambia, “Siku ile nilikimbia swali lako. Jibu langu ni hili. Sitaki usingezaliwa. Namshukuru Mungu kwamba uko, wala siongezi neno la ‘lakini’. Katazo nililofundisha ni la mtu ambaye bado hajatenda. Linamkuta mlangoni, kabla hajatoka. Wewe hukutenda neno. Wewe umo nyumbani tayari, na aliyemo haulizwi kama ilifaa aingie.”

Akafikiri, akasema, “Basi mimi sina deni?”

“Huna.”

“Na mimi sidai?”

Hapo, ndugu wasomaji, nilitambua kwamba ananipita kwa akili. Maana yuko wa kudaiwa. Mtu aliyeletwa duniani hakuombwa ruhusa, wala hakuna namna ya kumwomba. Kwa hiyo wale waliomleta wanabeba ahadi ambayo wao wenyewe peke yao wameitia sahihi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja sehemu ya ahadi hiyo: mtoto ana haki ya jina, na ya uraia, na ya kuwajua wazazi wake waliomzaa na jamaa zake. Nikamwambia, “Unadai. Unadai kweli.”

Bibi yake akaacha kupepeta. Akasema, “Mwalimu, baba yake ni nyumba hii. Tangu mwanzo nimemwambia hivyo.” Halafu baada ya kitambo, “Mimi sikutafuta mtumishi. Nilitaka mtu wa kuniita bibi.”

Sikumjibu. Nimeona watoto wa ndoa zilizobarikiwa mbele ya altare ambao hawakupata robo ya mapenzi aliyoyapata kijana yule. Ada ya shule yake ilitoka katika ulezi ule uliokuwa katika ungo. Lakini nilimwona kijana akimtazama bibi yake, nikajua kwamba mapenzi yale yote hayajajaza mahali pa lile jina.

Hapa niseme neno juu ya sisi wenyewe, watu wa Kanisa. Kwa miaka mingi tulimlipisha mtoto. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilisema kwamba mtoto wa nje ya ndoa amezuiliwa kupewa daraja la upadre, mpaka apate ruhusa. Kizuizi hicho hakimo tena katika sheria mpya ya mwaka 1983. Nabii Ezekieli alikwisha kufundisha zamani sana kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, na sisi tukachukua muda mrefu kulisikia. Bado nasikia walimu wa vigango wakimwita mtoto kwa majina ya matusi kwa sababu ya mlango aliopitia. Waache.

Habari ya mazungumzo yetu ikasambaa, kama habari zisambaavyo, ikawa na miguu mirefu. Wiki mbili baadaye mama mmoja Mkristo, mjane, kutoka upande wa Bunda, akanijia baada ya ibada. Ana mabinti wanne, wote wameolewa. Akasema, “Mwanangu, nimesikia kwamba yule wa Butiama umemwambia unamshukuru Mungu kwa kuzaliwa kwake. Nimefurahi. Mimi ninao ng'ombe tisa, na msichana nimekwisha kumpata. Mtoto wangu atakapozaliwa utamshukuru Mungu vile vile. Basi kwa nini unizuie?”

Mnaona mtego. Na aliuweka pasipo hila yoyote.

Nikamwambia, “Mama, yule kijana yuko. Wako hayuko. Asiyekuwako hana njaa wala baridi, hajakaa nje ya mlango usiku akingoja afunguliwe. Usipomwita, hujamnyima mtu kitu. Ukimwita, siku ile ile anakuwa mtu wa kudai, nawe umekwisha kujua leo, kabla hajawa, kwamba baba hatampata. Yule bibi wa Butiama kilichokwisha kutendeka hawezi kukirudisha, naye analipa awezavyo. Wewe unataka kukopa ukijua kwamba hutalipa.”

“Nitampenda.”

“Najua utampenda. Lakini unamwita kwa nini?”

“Shamba,” akasema. Ni mtu mkweli. “Shemeji zangu watalichukua kabla matanga hayajaanuliwa.”

“Basi unamwita awe boma la shamba. Na huyo msichana, naye unamwita awe nini?”

Akanitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, “Na wewe Mwalimu, watoto wako uliwaita kwa nini?”

Ndugu zangu, mimi nina watoto watano. Wanne wa kwanza ni mabinti. Wa tano tulimtafuta. Nasema tulimtafuta, na kila mzazi ajuaye maneno haya anajua maana yake. Mke wangu alikwisha kuugua alipomzaa wa nne, na mkunga alikwisha kumwonya. Hakuna ng'ombe waliotolewa, hakuna mkaza mwana aliyeletwa, ndoa yetu imeandikwa kitabuni. Lakini sababu yangu na sababu ya mama yule zilikuwa dada mmoja. Nilitaka wa kuniita baba mbele ya wanaume, na wa kubaki na jina. Mwanangu huyo nampenda kama roho yangu, wala sitamani asiwe. Lakini sikumfikiria yeye nilipomwita, wala mama yake sikumfikiria. Nilijifikiria mimi.

Nikiwatazama Wakristo wenzangu toka Musoma mjini mpaka vijiji vya ziwani, naona wengi tumo katika chombo hicho. Mmoja huzaa ili apate wa kumtunza uzeeni. Mwingine huzaa ili mume asitoke nje, au mama mkwe anyamaze. Mwingine hana sababu yoyote, watoto huja kama mvua. Kisha wa saba anaacha shule kwa kukosa sare, nasi tunasema Mungu ndiye atoaye. Mungu hutoa, ni kweli. Lakini alitupa na akili ya kufikiri kabla. Papa Paulo wa Sita katika barua yake ya mwaka 1968 alifundisha kwamba wazazi wana wajibu wa kupima hali yao, na kwamba kwa sababu nzito wanaweza kungoja kwa kufuata nyakati alizoziweka Mungu katika mwili wa mama. Mwaka uliofuata, 1969, Mwalimu Nyerere, alipokuwa akieleza mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, aliwaambia Watanzania kwamba katika kuzaa binadamu ni sawa na wanyama. Kulea na kusomesha ndiko kuliko kwa binadamu peke yake. Aliyesema hayo alikuwa mwana wa mke wa tano. Mkoa wetu ulikuwa na watu 1,743,830 katika hesabu ya mwaka 2012, na mwaka 2022 wakawa 2,372,015. Sipendi kuwataja watu kwa hesabu, kana kwamba ni magunia ya pamba. Kila mmoja wa hao ni mgeni aliyeitwa na mtu fulani, na wengi wao, nadhani, hawajaambiwa kwa nini.

Nilimwambia mama yule yote hayo juu ya nafsi yangu. Akacheka kidogo, akasema, “Basi tuko wawili.” Tukakaa kimya. Halafu tukaliongea lile lililokuwa chini ya yote, yaani shamba. Maana ikiwa mtoto anaitwa ili awe boma, afadhali tujenge boma lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mwanamke ana haki ya kupata ardhi na kuimiliki sawasawa na mwanamume. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza, katika shauri lililohusu desturi ya Wahaya, iliamua kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kama awezavyo mwanamume. Mama yule hakuwa amesikia hata moja la hayo, ingawa anaishi mwendo wa saa chache tu kutoka Mwanza. Binti yake wa tatu angependa kurudi kulima. Nikamwuliza kwa nini binti huyo asipewe shamba kwa maandishi, mbele ya mashahidi, mama angali hai.

Akasema, “Shemeji zangu watasema msichana ni wa kwa watu.”

“Watasema,” nikakubali. Sikuweza kumwahidi kwamba hawatagomba. Sheria iliyo Dodoma ina safari ndefu mpaka kufika zizini kwa mjane, na mara nyingi huchoka njiani.

Kijana wetu wa Butiama amebatizwa usiku wa Pasaka. Tulipofika mahali pa kitabu cha ubatizo, paroko akamweleza sheria ya Kanisa: jina la mama huandikwa, jina la baba asiyefunga ndoa huandikwa ikiwa kuna hati ya serikali, au akija yeye mwenyewe kukiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Kijana akasema hahitaji aandikwe. Mahali pale pamebaki wazi. Lakini wiki ile ya Jumapili ya Matawi, bibi yake alimwita usiku, pamoja na mama yake, wakamtajia jina. Kijana mwenyewe ndiye aliyenipa habari hiyo. Hakuniambia ni nani, nami sikumwuliza. Alisema tu kwamba ni mtu ambaye amemsalimu mara nyingi njiani.

Mama wa Bunda hajakata shauri bado. Ng'ombe tisa wangali zizini, na wazazi wa msichana wametuma mtu mara mbili kuuliza. Jumanne nitakwenda naye kwa mtendaji wa kijiji. Binti yake wa tatu ameahidi kuja, na mmoja wa mashemeji amesema atakuja pia, ingawa hakusema kwa nia gani. Tuombeeni.

Ndimi katekista wenu.